Ubaguzi Unakaa Kwenye Mpangilio: Niliyosema Ukumbini Karibu na Mnazi Mmoja

Wazee wangu shikamooni, kina mama, vijana, nawasalimu wote. Waandaaji waliniomba niyaandike yale niliyozungumza jumamosi maana waliokaa nyuma hawakusikia vizuri, spika zilikuwa zinakatika, kwa hiyo haya hapa, nimeyaacha kama nilivyoyasema, na mwishoni nimeweka baadhi ya maswali yaliyoulizwa.

Mada niliyopewa ni kwa nini ubaguzi wa rangi upo na kwa nini hauishi. Mada hii ikitajwa watu wengi akili inaenda Marekani au Afrika Kusini, na ni kweli kule mambo yalikuwa mazito sana, lakini jamani sisi tumekaa kwenye mji uliochorwa kwa rangi na tunapita kwenye mistari yake kila siku na daladala. Mimi nitazungumzia ya hapa. Mwafrika na Mhindi wa Dar es Salaam, ndio kesi ninayoijua, nimefundisha historia watoto wa pande zote mbili, nimekula kwenye nyumba za pande zote mbili na nimesikia yanayosemwa mgeni akishatoka. Na nikisema Mhindi nasema kama tunavyosema mtaani tu, ingawa ndani yake kuna Ismailia, Bohora, Ithnaasheri, Baniani, Singasinga, Mgoa, watu ambao wenyewe kwa wenyewe hata hawaoani ovyo, ila sisi tumewatia wote kwenye kapu moja, na hilo peke yake lishakuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Ninachotaka kusema ni kitu kimoja. Tumezoea kudhani ubaguzi unaanzia moyoni mwa mtu mbaya alafu ndio unatoka nje kuumiza watu. Mimi naona mara nyingi inakuwa kinyume, unaanzia nje, kwenye ramani ya mji, kwenye karatasi ya mshahara, kwenye sheria ya mkopo, alafu unaingia moyoni mwa watu wa kawaida kabisa wasio na ubaya wowote. Ukishaingia, hata sheria ikifutwa wenyewe unabaki, kwa sababu mtu akitoka nje asubuhi anakuta matokeo ya ile sheria yamesimama palepale, na anayaita tabia ya watu.

Tuanze na hapa nje. Mnazi Mmoja. Wangapi mnajua kwa nini kuna uwazi ule katikati ya mji, ardhi ya bei kama ile, alafu wazi? Wajerumani kabla ya vita ya kwanza walishapanga mji uwe na sehemu tatu, Waingereza walipouchukua wakaendelea na mpango uleule wakaukamilisha. Sehemu ya kwanza huko baharini, Uzunguni, baadae ikasogea mpaka Oysterbay miaka ya 1930. Sehemu ya pili ni Uhindini, maduka chini makazi juu, hii mitaa ya Kisutu na kuelekea sokoni. Sehemu ya tatu Kariakoo na baadae Ilala, kwa Waafrika. Na kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha eneo wazi, watu waliokuwa wanaishi hapo wakaondolewa, na sababu iliyotolewa ni afya, kwamba magonjwa ya Waafrika yasivuke. Ule uwanja tunaopumzikia, ambao baadae TANU, chama kilichopigania uhuru, ilihutubia umati wa watu hapohapo, ulikuwa uzio. Uzio wa hewa.

Alafu kuna jambo naomba vijana mlishike vizuri. Kanuni za ujenzi za zile sehemu hazikuandika kwamba Mwafrika haruhusiwi kukaa Uzunguni. Ziliandika aina ya nyumba. Huku nyumba za kizungu tu, kule nyumba za biashara na makazi, kule nyumba za kienyeji. Basi. Sasa wewe kuli wa bandarini unayelipwa mshahara wa kuli utajenga nyumba ya mawe ya kizungu kwa pesa gani? Rangi haikutajwa na rangi ikapangika yenyewe. Ndio maana nasema msimtafute mbaguzi mwenye meno, angalieni kanuni iliyokaa kimya na imevaa nguo za usafi na mpangilio bora.

Na hospitali ni vilevile. Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo, Mhindi, aliyefariki 1897. Leo ukilazwa Muhimbili unaweza ukalazwa Sewahaji, watu wanatamka hilo jina kila siku wanapopeleka chakula kwa mgonjwa na hawajui ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo ni Mhindi. Inaniuma kidogo, maana mtoto anayeambiwa kwamba Wahindi hawajawahi kutoa chochote kwenye nchi hii anaambiwa hayo huku mama yake amelazwa kwenye wodi hiyo.

Twende kwenye pesa maana hapo ndipo palipozaa maneno mengi. Kuna hadithi kwamba Wahindi wote waliletwa kujenga reli. Reli ya Uganda kutoka Mombasa, 1896 mpaka 1901, ilileta vibarua kama 32,000 kutoka India, kama 2,500 walikufa, na wengi sana waliobaki hai walirudi kwao. Wenye maduka wengi wanatoka kwenye familia zilizokuja kwa jahazi kwa nauli yao wenyewe, na pwani hii Wahindi walikuwa wanafanya biashara na Zanzibar kabla mkoloni hajafika. Sasa mkoloni alipokuja akampangia kila mtu pake. Kenya zile nyanda za juu zenye rutuba zilitengwa kwa walowezi wa kizungu, Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba kule. Ofisini nafasi za juu ni za Mzungu. Mtu umemfungia shamba na umemfungia ofisi, atakwenda wapi, atakaa dukani. Akikaa dukani vizazi vitatu tunasema Wahindi wamezaliwa na biashara kwenye damu.

Upande wa Mwafrika ndio balaa zaidi. Tanganyika ya Mwingereza ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali, yaani bila bwana shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, kukubali, deni lile haliwezi kudaiwa mahakamani. Walisema ni kumlinda Mwafrika asiingie kwenye madeni. Fikirieni maana yake lakini. Duka lolote duniani linaishi kwa mkopo, muuza jumla anampa muuza rejareja mzigo leo analipwa mwisho wa mwezi. Mhindi wa Lindi alikuwa anapewa mzigo na Mhindi wa Dar, na wa Dar anapewa na nyumba kubwa ya Zanzibar au Bombay, mnyororo mrefu wa mali kauli. Mwafrika mwenye duka Masasi anatakiwa alete pesa taslimu. Atashindana vipi? Atauza chumvi, sigara moja moja, mafuta ya taa kwa kibaba, na siku mtoto akiugua mtaji umekwisha. Alafu anakuja mtu anapita pale anaangalia duka hili na duka lile anasema unaona, Mwafrika hajui biashara. Na mwenye duka lililofungwa naye akimwangalia jirani anasema unaona, Mhindi mnyonyaji. Wote wawili wanaangalia matokeo ya karatasi moja na wote wawili wanaona asili ya mtu.

Mshahara nao, kwa kazi ileile Mzungu alilipwa kamili, Mhindi analipwa sehemu tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu, na Mwafrika chini ya hapo. Hesabu ya mshahara kwa rangi iliendelea mpaka miaka ya 1950. Fikirieni ofisi ya reli, makarani wanakaa chumba kimoja wanajaza daftari lilelile. Hapo hata kama hakuna anayemchukia mwenzake, mwisho wa mwezi bahasha zinawafundisha nani ni nani. Na ubaya wa ngazi ya namna hii ni kwamba yule wa katikati anaogopa. Hamchukii aliye chini, anaogopa kushuka. Anajitahidi kuonyesha kwamba yeye sio wale. Sehemu kubwa ya dharau ya Mhindi kwa Mwafrika mimi naisoma kwa njia hiyo, ni hofu ya mtu aliyewekwa ngazi ya katikati akaambiwa akilegea ataanguka. Siitetei. Nasema ilivyotengenezwa.

Kwenye Baraza la Kutunga Sheria pia. Mwaka 1955 walikuja na usawa wao wa rangi tatu, viti vya wananchi wasio maofisa wa serikali ni 30, vigawanywe Waafrika 10, Wahindi 10, Wazungu 10. Waafrika wakati huo ni zaidi ya milioni 8, Wahindi kama 76,000, Wazungu kama 20,000. Huo ndio uliitwa usawa. Na uchaguzi wa 1958 mpiga kura analazimishwa kupiga kura tatu, moja ya Mwafrika moja ya Mhindi moja ya Mzungu, asipofanya hivyo kura yake imeharibika. TANU ikagawanyika vibaya sana, mkutano wa Tabora januari 1958 ulikuwa moto, wengine wakasema tususe, na Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake cha Waafrika peke yao. Nyerere akashawishi waingie kwenye uchaguzi uleule mbovu, na walichofanya ni kuunga mkono Wahindi na Wazungu waliokuwa upande wa uhuru, kina Sophia Mustafa, kina Derek Bryceson. Yaani mtego uliotengenezwa kuwagawa watu wakautumia kuwaunganisha. Na mwaka huohuo Nyerere aliposhtakiwa kwa kuandika mambo yaliyowaudhi mabwana shauri, pembeni ya wakili Pritt aliyetoka Uingereza walisimama mawakili wa kihindi, Jhaveri na Rattansey. Kwa wenzetu Kenya kulikuwa na Makhan Singh, mtu wa vyama vya wafanyakazi, aliyekaa kizuizini toka 1950 mpaka 1961 kwa sababu ya kudai uhuru, ni muda mrefu kuliko aliokaa Kenyatta mwenyewe. Vijana wangapi wanamjua? Nauliza kwa uchungu.

Sasa oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, ukaja mswada wa uraia. Baadhi ya wajumbe wakasimama wakataka uraia uwe wa Mwafrika tu, wengine watafutiwe namna nyingine. Nyerere alikasirika siku ile kuliko siku nyingi za maisha yake, akawalinganisha na Hitler, akasema kama mnataka uraia wa rangi basi serikali yangu inajiuzulu. Mswada ukapita. Mimi nalisema hili kwa wanafunzi wangu wote kwa sababu kuna watu wanadhani nchi kutokuwa na sheria ya kibaguzi ni jambo lililojileta lenyewe kwa sababu sisi ni wapole. Sio kweli. Lilipiganiwa na watu waliokuwa tayari kupoteza madaraka, na lingeweza kwenda upande mwingine.

Zanzibar ilikwenda upande mwingine, na lazima tuseme. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula kilipokuwa haba, mgao uligawanywa kwa kundi ulilosajiliwa, aliyeandikwa Mhindi au Mwarabu ana mchele, aliyeandikwa Mwafrika anaambiwa nafaka nyingine. Kisiwa ambacho babu ni Mmanyema, bibi ni Mhadimu, shemeji ni Mshihiri, kinaambiwa kijipange mistari kwa ajili ya mchele. Mtu anaulizwa wewe nani, na jibu lake linaamua watoto watakula nini. Baadae vyama vya siasa vikaja vikasimama kwenye mistari hiyohiyo. Juni 1961 kwenye fujo za uchaguzi wakafa watu 68, wengi wao Waarabu, na januari 1964 wakauawa maelfu. Na dawa iliyokuja baadae nayo ilikuwa jeraha, mwaka 1970 mabinti wa Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu kwa watu wazima wa serikali, ikasemwa ndio kuvunja ubaguzi. Hakuna ubaguzi uliovunjwa pale. Wale walikuwa watoto wa watu, na kila familia iliyosikia ilifunga mlango zaidi.

Na bara tuna yetu. Aprili 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi 100,000, zikaenda kwa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali. Sheria haikutaja Mhindi, na siamini waliotunga walikaa wakasema tuwakomoe Wahindi, walikuwa wanapigana na unyonyaji kama walivyouelewa. Lakini wenye majengo hayo walikuwa karibu wote Wahindi kwa sababu ya ule mpangilio niliousema mwanzo, na kati yao walikuwepo wajane waliokuwa wanaishi kwa kodi ya gorofa moja. Wengi wakaondoka, Canada, Uingereza. Mwaka uliofuata Amin kule Uganda akawapa Wahindi siku 90, Nyerere akamlaani hadharani, lakini huku tayari watu walishafunga mizigo. Na waliobaki walijifunza somo, usiweke mali ambayo haibebeki. Leo tunawalaumu kwamba mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, pesa zipo nje, mtoto mmoja lazima awe na pasi ya Uingereza. Tunaita hiyo kukosa uzalendo. Mimi naiita kumbukumbu, na kumbukumbu haifutwi kwa kuisema vibaya.

Sasa turudi ndani ya nyumba, maana huko ndiko inakopita kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mtoto.

Nilikuwa nafundisha tuisheni kwenye nyumba moja Upanga, watu wazuri sana, wakarimu, chai na chevda kila siku. Jikoni karibu na karo kulikuwa na msumari na kwenye msumari kimening'inia kikombe cha plastiki cha bluu, chini yake kijiko kimoja na sahani ya bati imeegemezwa ukutani. Vyombo vya dada wa kazi. Siku moja mtoto mdogo, yule wa mwisho, alikuwa na kiu akakidaka kile kikombe, na dada yake wa darasa la pili akampiga kofi la mkono, pa!, bila neno, akampa cha kabatini. Mama yao hakuwepo. Hakuna aliyewahi kuwakalisha wale watoto akawaambia Mwafrika ni mchafu, nina uhakika na hilo, mama yao angeona aibu kulitamka. Kikombe ndio kilifundisha. Kilining'inia pale miaka yote kinafundisha.

Kabla ya kina mama wa upande huu hawajaguna, nimekwenda nyumba za Waafrika wenzangu Tabata, Mbezi, Sinza, nimekuta dada wa kazi anakula jikoni amekaa chini, ana sahani yake, analala kwenye stoo na magunia ya mkaa, na mtoto wa miaka mitano anamwita kwa jina kavu bila hata dada. Msichana yule ni Mwafrika, tena wengine ni ndugu wa damu waliotolewa kijijini. Kwa hiyo niwaambieni, ile mashine ya ubaguzi inaweza kutumia rangi, ikikosa rangi inatumia kijiji, inatumia kabila, inatumia elimu. Rangi inaipenda zaidi kwa sababu inaonekana kwa mbali na haibadiliki.

Upande wa pili nao. Mwanafunzi wangu mmoja, Mhindi, babu wa babu yake yuko kaburini Tanga, alikwenda ofisi moja kufuatilia karatasi zake. Foleni ndefu. Alipofika dirishani karani hakuangalia fomu, alimwangalia usoni akauliza, kwenu wapi? Akasema Tanga. Karani akasema nauliza kwenu, na foleni nzima ikacheka. Akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu. Nyuma yake alikuwepo kijana mwingine, cheti chake mwenyewe hana, akahudumiwa akaondoka. Yule binti anazungumza kiswahili cha Tanga ambacho wengi wetu humu hatukiwezi. Hakulalamika, alinisimulia tu, alafu akasema mwalimu ndio maana baba anataka niende Toronto. Hapo nilikosa la kumjibu.

Sasa kwa nini hauishi? Watu wanasema tukichanganyika tutaelewana. Nusu ni kweli. Tumechanganyika sana, jamani, hakuna siku Mwafrika na Mhindi wa mji huu hawaonani. Ila wanaonana wapi? Wanaonana kaunta. Huyu muuzaji huyu mnunuzi, huyu tajiri huyu kuli, huyu mwenye nyumba huyu dada wa kazi, huyu mwenye leseni huyu afisa anayetaka chochote kitu. Kila wanapokutana mmoja yuko juu, na kila mkutano wa namna hiyo unaongeza ushahidi kwenye faili la kila mmoja. Unaweza ukakutana na mtu mara elfu kumi kwa mtindo huo na mkaishia kuchukiana zaidi.

Tulikuwa na sehemu za kukutana sawasawa. Baada ya uhuru shule zilizokuwa za rangi rangi zikaunganishwa, mtoto wa Mhindi na mtoto wa kuli dawati moja, mwalimu mmoja, fimbo moja. Na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, iliyoanza 1963 na baadae ikawa lazima kwa waliomaliza masomo. Waulizeni wazee wa kihindi wa umri fulani kuhusu Ruvu au Mafinga muone wanavyochangamka, wanakumbuka majina ya wenzao wa kombania, mtu wa Bukoba aliyembebea bunduki alipoumwa malaria, mtu wa Songea aliyemfundisha kushika jembe. Mle ndani hakukuwa na kaunta. Wote mmenyolewa, wote mna njaa, wote mnakimbia alfajiri mnaimba. Nimeona urafiki wa pale umefika mpaka kwenye misiba, na mimi kipimo changu ni msiba, mtu akija kukaa mkekani kwako siku tatu huyo si wa kaunta tena.

Mwaka 1994 JKT ya lazima ikasimamishwa, imerudi 2013 lakini kwa miaka mingi ilikuwa haichukui wote. Na miaka hiyohiyo ya 1990 shule za binafsi zikafunguliwa, ada kubwa, na pesa ikapanga watoto upya. Hakuna aliyeandika shule ya Wahindi. Ada ndio imeandika, kama zile kanuni za nyumba za Uzunguni zilivyoandika. Sasa mtoto wa Kisutu anasoma na watoto wa kihindi na Waafrika wachache wenye baba tajiri, na mtoto wa Buguruni darasa lao lina watoto mia na hajawahi kukaa dawati moja na mtu asiye mweusi. Watakutana lini? Wakiwa na miaka 22, kaunta. Na wakati huohuo ile hoja ya uzawa, kwamba uchumi uwe wa Waafrika wazawa, ikapamba moto, wanasiasa wakagundua kwamba kumtukana Mhindi hakugharimu kitu na kunapigiwa makofi, maduka yakarushiwa mawe hapa mjini. Makofi yale hayakumpa Mwafrika hata mmoja mkopo wa benki.

Niliyotaka kusema ndio hayo. Maswali.

Mzee mmoja aliuliza, mbona Wahindi wenyewe ndio wanaojitenga, hawaoi kwetu, wana klabu zao? Nilimjibu kwamba ni kweli na tusiizunguke. Wana jamatkhana, nyumba za ibada za Ismailia, wana jumuiya, wana misikiti na mahekalu yao, na familia nyingi binti akimleta Mwafrika nyumba inawaka moto. Lakini wamejitenga hata wao kwa wao, Bohora na Ismailia ni shida, Baniani wa tabaka hili na lile ni shida. Mtu mwenye jamii ndogo anaogopa kuyeyuka. Mimi ndoa siiweki mbele, ndoa ni ya watu wawili, mambo ya Zanzibar ya 1970 yametosha. Ninachowadai ni dawati na kazi. Hilo hawawezi kulijibu kwa dini.

Binti mmoja wa kihindi aliuliza ataitwa mgeni mpaka lini. Nilimwambia Kenya mwaka 2017 serikali iliwatambua Wahindi kuwa kabila la 44 la nchi, na wapo waliofurahi sana, wapo waliosema karatasi haibadilishi foleni. Sisi hatuna utaratibu huo na sidhani tunauhitaji, yeye ni raia na sheria iko upande wake toka 1961. Anachohitaji ni karani ambaye akimuuliza mtu kwao wapi bila sababu anaandikiwa barua. Na sisi tulio kwenye foleni tusicheke. Kwenye ile ofisi alikokwenda mwanafunzi wangu wa Tanga walikuwepo watu 30, angeguna mmoja tu ingetosha.

Wa mwisho alisimama mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, Mhindi, mtu mzima, na namshukuru kwa ukweli wake. Alisema mwalimu mimi nina vijana nane ghalani, wa zamani kuliko wote amefanya kazi kwangu miaka kumi na tano, lakini kaunta ya pesa anakaa mpwa wangu aliyekuja juzi kutoka Gujarat, kwa sababu namwamini. Nilimuuliza huyo wa miaka kumi na tano amewahi kumwibia? Akasema hapana. Nilimwambia avuke barabara aingie benki anayoweka pesa zake, aangalie nani anazihesabu. Akanyamaza kidogo alafu akauliza, na akiiba? Nikamuuliza mpwa akiiba unafanyaje, akasema tunakaa kifamilia, anakatwa mpaka deni liishe. Nikamwambia basi na huyu mwandikie mkataba, weka humo utaratibu wa kukatwa, mfundishe mashine ya risiti na kitabu cha benki, mpe mshahara wa mtu anayeshika pesa, na funguo. Alisema atafikiria. Kijana mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yake, ndiye aliyemleta kwa gari.